Koti la Nyapara Kwenye Matope

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kichwa changu kilikuwa hakikai mahali pamoja. Mikono yangu ilikuwa Ruiru, juu ya kitanda cha waya cha kuanikia kahawa, lakini mimi mwenyewe mara nyingi nilikuwa ndani ya duka langu la ushonaji, ambalo halikuwapo. Lilikuwa na dirisha la kioo na cherehani mbili, na kila mteja akiingia kengele ndogo ilikuwa inalia. Hiyo kengele sijui niliitoa wapi. Shule nilifika darasa la nne tu, kisha shule yetu ikafungwa katika ile miaka ya Hali ya Hatari, na hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha habari za kengele za madukani.

Kazi yetu ilikuwa kuchambua. Kahawa ikishamenywa kwa mashine na kuoshwa, inatoka na ganda lake jeupe, inatandazwa juu ya vitanda virefu vya waya ili jua liipige. Wanawake tunasimama huku na huku, tunaipekua kwa vidole, tunatoa punje zilizovunjika, zilizochafuka, zenye harufu. Mbaya inaingia kwenye kikopo. Kila mmoja na kikopo chake.

Nyapara wetu alikuwa mzee mmoja mwembamba, wa kabila letu, mwenye koti jeusi la sufu alilolipenda kama watu wanavyopenda ng'ombe. Alikuwa anapita kila baada ya muda, ananyoosha mkono na kusema, "Lete." Unampa kikopo mkononi, anakitazama, anapuliza punje mbili tatu kiganjani, anakurudishia. Akiridhika haongei. Anaguna wimbo wake wa kanisani, nusu mstari tu, anaendelea mbele.

Mimi aliniita Mawingu. "Mawingu, leo uko wapi, Ruiru ama Ulaya?" Ninacheka, wenzangu wanacheka, na nawaambia kweli, siku aliyonitania hivyo vidole vyangu vilikuwa vinakwenda mbio zenyewe. Siku aliyopita kimya nilikuwa naacha punje mbovu hata zile kubwa. Hilo nililiona mapema, lakini nililiona kwangu tu. Sikufikiri kwamba na wengine wana vidole.

Mwaka ninaousimulia ni ule watu walipoanza kuachiliwa kurudi nyumbani kutoka vizuizini, na mvua fupi ilikuwa imechelewa. Asubuhi moja akaja mgeni kwenye kitanda chetu. Alikuwa mwanamke wa umri wangu ama amenizidi kidogo, mrefu, mweusi wa kung'aa, ametoka magharibi upande wa Kakamega. Tulikuwa tumeshasikia habari zake. Mumewe alifanya kazi kiwandani Thika, kule kwenye viwanda, na alilala katika chumba cha wanaume sita. Kwa miaka mitatu mke alikuwa akikaa nyumbani kwao na mume akikaa huku. Sasa shamba lilikuwa limempa mke kibarua, na mwenye kibarua alipata chumba kwenye laini za wafanyakazi. Mume angekuja kwa baiskeli kila Jumamosi jioni, wakae pamoja kama watu.

Lakini chumba kilikwenda na tiketi. Tiketi ilikuwa karatasi yenye nafasi thelathini, kila siku ya kazi inatiwa alama. Ya kwanza ilikuwa ya kujaribiwa. Ikijaa, nyapara ndiye anayesema kama utapewa nyingine. Usipopewa, unakabidhi ufunguo wa chumba. Kwake yeye maana yake ilikuwa gari la moshi, na miaka mingine mitatu ya kuandikiana barua.

Sisi tulidhani kwake itakuwa rahisi, kwa sababu huyo mumewe nyapara alikuwa anamjua. Miaka ya nyuma, kijana yule alipofika kutafuta kazi, malaria ilimwangusha pale pale langoni, na mzee alimchukua nyumbani kwake, akamlaza, akamnywesha uji kwa muda wa mwezi mzima, halafu akamtafutia kazi Thika kwa rafiki yake. Mzee aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi. Mtoto wake mwenyewe wa kiume alikuwa kizuizini wakati ule, na nafikiri ule uji ulimsaidia mzee kama ulivyomsaidia mgonjwa.

Basi asubuhi ile alikuja anatabasamu, koti limefungwa vifungo vyote.

"Karibu, mama! Karibu Ruiru!" Akanyoosha mkono.

Mgeni akarudi nyuma hatua mbili. Mikono akaiweka mgongoni, uso akaugeuzia kwenye miti ya kahawa, na akajibu kwa sauti ndogo sana, "Asante, baba."

Mkono wa mzee ulikaa hewani. Sisi sote tuliuona. Aliutazama kama kwamba una uchafu, akauingiza mfukoni, akaenda zake.

Pale kitandani kulikuwa na mama mmoja mwenye kibati cha ugoro, ambaye alikuwa amefanya kazi ile kwa muda mrefu kuliko sisi wote na ndiye aliyekuwa anatuambia mambo ni namna gani. Akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akasema kwa Kikuyu, "Haiya! Mnaona? Hawa wa Kavirondo, hawa wa magharibi, waliletwa hapa wakati watu wetu wamefungwa, sasa hata mkono hawatupi."

Hakuna aliyebisha. Hata mimi. Maneno yalikuwa tayari yapo, yalikuwa yanangoja tu mtu wa kuyavaa.

Kuanzia siku hiyo kila alichofanya kiliingia ndani ya maneno yale. Mzee akisema "Lete," mgeni haleti. Anaweka kikopo kwenye ukingo wa kitanda, anarudi nyuma, anatazama pembeni. Mzee akikaribia wakati wa chakula, anafunika chakula chake na kuacha kutafuna mpaka apite. Mzee alikuwa na debe la kukalia pale kivulini, na kila mtu alilikalia mwenyewe akiwa hayupo. Mgeni hakulikalia hata mara moja. Alilizunguka kwa mbali kama mtu anayezunguka siafu.

"Anaona tutamroga," alisema mama wa ugoro.

"Ama ni mpelelezi," akasema mwingine. "Mpelelezi hali na watu."

Nikisema sikushiriki nitakuwa mwongo. Wakati wa chakula tulikuwa tunakaa kwenye magunia, na gunia langu lilikuwa na nafasi ya watu wawili. Siku ya pili mgeni alikuja na sufuria yake ndogo, akasimama karibu, akaniangalia. Sikumwambia neno baya. Nilitabasamu hata. Lakini goti langu lilikwenda upande, likajaza ile nafasi. Lilikwenda lenyewe, kidogo tu, kama goti la mtu anayejinyoosha. Mgeni akaenda kukaa chini kwenye nyasi, peke yake. Na sisi tukasema, "Anajitenga."

Mzee naye alibadilika. Kwetu aliendelea kutania, lakini akifika kwa mgeni alisimama nyuma yake, kimya, anachezea funguo mfukoni. Kli, kli, kli. Mimi nilikuwa mbele yake upande wa pili wa kitanda na nilikuwa naona vidole vya mgeni. Mzee akiwa mbali, vidole vile vilikuwa vyepesi, vinadonoa kama kuku. Funguo zikianza kulia, vinakufa ganzi. Vinashika punje nzuri na kuacha mbovu. Mzee anainama, anaokota mbovu moja, anaiinua juu watu wote waione.

"Hii ni nini?"

"Kahawa, baba."

"Hii ni kahawa? Nusa."

Ananusa. Mzee anatugeukia sisi na kusema kwa masikitiko ya kweli, si kwa ubaya, "Watu wa huko hawana macho ya kahawa. Ni watu wa mahindi." Nasi tunaitikia kwa kichwa, kwa sababu tumeona kwa macho yetu.

Zilipobaki alama nne kwenye tiketi yake, siku ya Ijumaa, mvua ikaja.

Ilikuja saa nane mchana bila hodi. Kahawa iliyokaribia kukauka ikilowa inaharibika rangi, kwa hivyo mvua ikija hakuna mkubwa wala mdogo, wote tunakimbilia maturubai. Tulikuwa tunavuta, tunapiga kelele, tunateleza. Mzee akaja mbio, akavua koti lake ili mikono iwe huru, na aliyekuwa karibu naye alikuwa mgeni.

"Shika!" Akamrushia.

Mgeni aliliona linakuja. Mikono yake ilikuwa haina kitu. Akairudisha nyuma. Koti likampiga kifuani, likateleza, likaanguka kwenye matope, na yeye akaruka pembeni ili lisimguse mguu.

Nakumbuka mvua tu baada ya hapo. Tulifunika vitanda vyote. Mzee aliokota koti mwenyewe. Alilikamua, maji mekundu yakatoka, na hakumtazama mgeni, alitazama ile kahawa iliyofunikwa.

"Jumatano tiketi yako inajaa," alisema. "Usirudi kuomba nyingine."

"Ndiyo, baba," alisema mgeni. Na akalia, kimya, uso umegeukia miti.

"Baba, baba," mama wa ugoro alimwigiza tulipokuwa tunanawa miguu. "Mdomo una asali, mikono ina miiba."

Usiku sikumfikiria sana, nitasema ukweli. Nilifikiria kwamba chumba chake kitakuwa wazi na kwamba kina dirisha.

Jumapili nilipanda basi la asubuhi kwenda Thika kumwona kaka yangu, pasi yangu ya ruhusa ya kusafiri nimeikunja ndani ya leso. Kaka yangu alikuwa anabeba marobota kiwandani, mtu wa mabega mapana ambaye nilimwona mara moja akiinua gurudumu la lori kwa mikono. Alikuwa ameoa mwaka huo huo. Baada ya kanisa tulitembea pamoja barabara ya kwenda darajani kwenye mto Chania, ananinunulia ndizi, ananicheka habari za duka langu. Tulipopita penye fundi cherehani, pale barazani, nikasimama. Mimi siwezi kupita cherehani bila kusimama.

Ghafla kaka yangu akasema, "Ngai!" na akapotea.

Kupotea kabisa. Nikageuka, naona nguo za wateja zimetundikwa, na chini ya gauni moja la maua kuna viatu vya kaka yangu.

"Hiyo haikutoshi," fundi alimwambia bila kuacha kukanyaga cherehani. "Labda nikuongezee pande mbili kwapani."

"Nyamaza, mzee," gauni likasema.

Ndipo nikamwona mama mkwe wake anakuja na kikapu. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso njiani. Tunaiita thoni, ni heshima iliyochanganyika na haya. Mwanamume anaacha njia, anaingia hata kwenye michongoma. Mama yule naye alikuwa ameshaviona vile viatu. Akashusha kitambaa chake mpaka kwenye nyusi, akageukia ng'ambo ya barabara, akanisalimia mimi kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni.

"Uko salama, mtoto wangu? Na yule kijana wangu mzima?"

"Mzima, maitũ, mama yangu."

"Mwambie nimefurahi sana leo sikumwona!"

Akaenda zake, mabega yanatikisika kwa kicheko. Kaka yangu alitoka kwenye gauni, jasho linamtiririka. Nilicheka mpaka ndizi ikaanguka.

"Cheka tu," alisema. "Na kama ningesimama pale nikamshika mkono, ungesema nini?"

"Ningesema huna adabu kabisa."

"Haya basi."

Niliendelea kucheka hatua kama kumi hivi. Halafu kicheko kikakatika katikati. Mikono mgongoni. Uso umegeuzwa. Chakula kimefunikwa. Baba, baba.

"Una nini?" kaka yangu aliuliza. "Umeona nyoka?"

"Nimeona goti langu," nilimwambia, na hakuelewa, na sikuwa na namna ya kumweleza.

Jumatatu alfajiri nilimngojea mgeni bombani. Alikuwa anachota maji kwa haraka, apate kuondoka kabla wengine hawajafika. Aliponiona akasogeza ndoo yake ili nipate nafasi, na hilo lilinichoma.

"Dada," nilisema, "nikuulize kitu. Mzee nyapara ni nani kwako?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Kwani ninyi hamjui? Ni baba mkwe."

"Baba mkwe namna gani? Yeye ni Mkikuyu."

"Mume wangu aliniandikia barua nikiwa nyumbani. Akasema, huku nina baba. Nilikuwa nakufa, na huyu mzee akanizaa mara ya pili. Sasa baba wa mume wangu ni nani kwangu?" Ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika juu ya miguu yake na hakuyaona. "Kwetu baba mkwe humpi mkono. Huli mbele yake. Kiti chake hukikalii. Nguo yake ndiyo kabisa, nguo yake utaishikaje? Mimi nimefanya vyote. Na yeye ananichukia."

"Hukumwambia mume wako?"

"Nilimwambia. Nikamwambia mzee amenikasirikia, sijui kwa nini. Akasema labda heshima yangu ni ndogo, niongeze." Akafuta uso kwa kiganja. "Basi nikaongeza."

Nilishindwa kujua nicheke au nilie. Kwetu sisi mke wa mtoto wako anakuletea uji mkononi. Mzee yule alikuwa amengojea mkono ule, na kadiri ulivyorudi nyuma kwa heshima ndivyo alivyozidi kujiona anatukanwa.

"Mimi pia nilikukosea," nilisema. "Siku ile ya gunia."

"Najua. Uliniambia kwa goti." Alisema hivyo bila hasira, kama anayetaja kitu kilichoko mezani. "Wewe ulitabasamu, lakini goti lilisema kweli."

Nilikuwa nimezoea kuota nikiwa mtu mkarimu. Katika duka langu lile kila maskini alishonewa bure. Pale bombani nilitamani dunia inimeze na kengele yangu.

Nilimwambia atangulie. Mimi nikaenda stoo, alikokuwa nyapara. Nilikuwa naogopa. Msichana kwenda kumweleza mzee kwamba amekosea hakukuwa kitu kidogo. Nilimkuta ameketi anakula viazi vitamu, na koti limetundikwa msumarini, limefuliwa lakini alama ya udongo imebaki begani.

"Mawingu! Leo umeshuka mapema."

"Mzee, nimetoka Thika jana. Kaka yangu alijificha ndani ya gauni."

Nikamsimulia. Alicheka mpaka kiazi kikamkwama, akajipiga kifuani. "Hata mimi," alisema, "hata mimi nilipokuwa kijana niliingia mtoni, na nguo zangu zote, kwa sababu ya mama wa mke wangu. Heshima ni mzigo, mtoto wangu!"

"Na kwao kule magharibi, mzee, anayejificha ni mke wa mtoto. Anamkimbia baba mkwe."

"Ndiyo, watu wana mila zao." Akamenya kiazi kingine.

"Huyu mgeni wetu anasema baba mkwe wake yuko hapa."

"Hapa wapi? Mumewe hana baba hapa, baba yake alikufa ali..."

Kiazi kilibaki mkononi.

"Nani amekutuma?" aliuliza, na sauti ilikuwa kali kidogo.

"Hakuna, mzee. Nimemwuliza mwenyewe. Mumewe alimwandikia kwamba wewe ulimzaa mara ya pili."

"Alimwandikia hivyo? Kwenye barua?"

"Ndiyo. Na ndiyo maana hawezi kushika koti lako. Hata liwe linawaka moto."

Alilitazama lile koti muda mrefu. Nje wanawake walikuwa wanafunua vitanda, maturubai yanapiga pap, pap. Nilidhani atasema kitu kikubwa. Alisema tu, "Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake na funguo." Halafu akanifukuza. "Nenda kazini. Unachelewa na unajua."

Siku hiyo hakuja kwenye kitanda chetu kabisa. Jumanne pia alimtuma mtu mwingine kukagua. Mgeni alikuwa anaona ndiyo mwisho, alikuwa ameanza kukunja vitu vyake. Nami nikaanza kuogopa kwamba nimeharibu zaidi, kwamba mzee ameona aibu, na mtu mwenye aibu wakati mwingine anaona ni rahisi kumwondoa yule anayemkumbusha. Wakati wa chakula nilisogea kwenye gunia langu, mapaja na magoti yote, nikapiga ile nafasi kwa mkono. Mgeni akaja akakaa. Mama wa ugoro akapandisha nyusi.

"Leo gunia limekua?"

"Lilikuwa hivi hivi," nilisema. "Ni mimi niliyekuwa nimenenepa." Na nikamweleza yote, kwa Kikuyu, mbele ya watu, habari za baba mkwe na koti. Alisikiliza. Akavuta ugoro, na kwa mara ya kwanza hakupiga chafya.

"Sasa si angesema!" alisema mwishoni.

"Wewe unawaambia watu kwamba unamheshimu mtu?"

"Mimi wananiona."

"Na yeye alidhani tunamwona."

Jumatano, alama ya thelathini, jua lilikuwa zuri. Tulikuwa tumeinamia kahawa mara tukasikia mtu anakohoa. Anakohoa kwa mbali, kule kwenye mashine, kikohozi kikavu cha mtu ambaye hana kifua. Akakohoa tena karibu zaidi. Tukainua vichwa. Ni mzee, anakuja polepole, koti amelivaa na alama yake ya udongo, na anatazama mbinguni kama anayetafuta mwewe.

Mgeni alielewa kabla yetu. Kwao baba mkwe akikaribia anakohoa, ili mke wa mtoto wake apate kujitayarisha. Nani alimwambia mzee, mimi sijui. Labda katika zile siku mbili aliuliza watu wa laini. Mgeni aliweka kikopo ukingoni, akarudi nyuma hatua tatu, akageuka. Safari hii mzee pia aligeuka. Alikichukua kikopo akiwa amempa ubavu, akapuliza punje tatu kiganjani, akainamia kitanda, akapekua kwa muda. Funguo hazikulia. Baadaye niligundua alikuwa ameziacha stoo.

"Mawingu," alisema, anaitazama miti.

"Ndiyo, mzee."

"Mwambie huyo mwenzako kahawa yake ni safi."

Mwenzangu alikuwa hatua nne kutoka kwake. "Mzee anasema kahawa yako ni safi," nikamwambia.

"Mwambie mzee nimeshukuru," alisema, anaitazama mashine.

"Anasema ameshukuru."

"Na hii mpe." Akaniwekea tiketi mpya mkononi, nafasi zote thelathini ziko wazi. Akafikiri kidogo. "Umwambie pia mume wake akija Jumamosi apite kwangu. Yeye mkono ananipa."

Akaondoka anaguna wimbo wake, nusu mstari. Mgeni alishika tiketi kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya kahawa iliyokauka, mpaka mama wa ugoro akapiga kelele, "We! We! Usiiloweshe tena, tumeshaanika!" Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake kibovu, ili mgeni naye asikie, "Mimi nimefanya kazi hapa miaka yote hiyo. Mimi nani atanikohorea?"

Mgeni alicheka. Hatukuwa tumewahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa, cha kifuani, na wawili watatu waligeuka kuangalia kimetoka wapi.

Sitasema kitanda chetu kiligeuka kuwa mbingu. Mwezi uliofuata alikuja msichana mwingine, kutoka Ukambani, na kabla ya jua kufika katikati nilisikia mtu akisema wao ni watu wa namna gani. Nilitazama goti langu. Lilikuwa limeshaanza safari. Nikalirudisha, kwa mkono kabisa, kama unavyomrudisha mbuzi.

Nilikuwa ninapita kwenye laini Jumapili nyingine nikienda kupanda basi la Thika. Baiskeli ya mume ilikuwa imeegemea ukuta, moshi unatoka, na kupitia dirisha la kile chumba nilisikia wanaongea na sufuria inakorogwa. Mzee nyapara alikuwa anapita njia hiyo hiyo kwenda kanisani. Hakuwa na shughuli nao, alikuwa anapita tu. Alipofika usawa wa mlango akakohoa. Ndani mwiko ukanyamaza. Mzee akapita, hakugeuza kichwa, anatembea kwa madaha ndani ya koti lake. Mwiko ulingoja mpaka alipofika kona, ndipo ukaanza tena kukoroga.